Mila au maendeleo: nani alimfukuza rafiki yangu?

Najua nimepotea. Wengine mmeniuliza kama nimeolewa nikaacha kuandika (bado jamani, tulieni). Nilikwenda nyumbani, Endagikot, Mbulu, kumwona bibi. Nilipanga kukaa siku nne, nikakaa wiki mbili, na nimerudi Dar na jambo linalonikosesha usingizi. Naombeni mnivumilie leo, maana ni ndefu kidogo.

Kwa wasiopajua: ukitoka Arusha unapita Makuyuni na Mto wa Mbu, unapanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Karatu, halafu unashika njia ya Mbulu. Hapo ndipo unapoanza kutafuta sweta. Ni nchi ya milima, mahindi, maharage, ng'ombe na ukungu wa asubuhi. Wenyeji ni sisi Wairaqw, ambao wengi wenu mnatuita Wambulu, watu wenye lugha ya Kikushi katikati ya Wabantu na Waniloti. Kusini zaidi, kuelekea Mlima Hanang, wako majirani zetu Wadatoga, hasa wale wa kundi la Wabarabaig. Watu wengi huwaita Mang'ati, jina ambalo wenyewe hawalipendi. Muwaweke akilini majirani hao, nitawarudia.

Basi, siku ya tatu bibi akaniambia nisitoke, nimngoje mtu wa maziwa. Hodi ikapigwa. Nikafungua mlango. Mbele yangu alikuwa amesimama mtu niliyekaa naye dawati moja kwa karibu miaka miwili.

Niwarudishe nyuma. Mwaka 2011 tulikuwa kidato cha pili, shule ya bweni ambayo siitaji jina. Asubuhi moja wasichana wote tulipangwa mstari, tukaingizwa mmoja mmoja kwenye chumba kupimwa mimba. Tulikuwa tukichekacheka kwenye foleni, ule ucheko wa woga. Rafiki yangu aliingia na hakurudi darasani. Tulimwona kupitia dirishani akielekea getini, tranka lake kichwani. Mwalimu akaendelea kuandika ubaoni. Somo lenyewe, nakumbuka vizuri, lilikuwa historia. Hakuna aliyeuliza kitu. Mimi pia sikuuliza, na likizo ilipofika sikumtafuta. Nilimkwepa kana kwamba mimba inaambukiza. Mwanaume aliyempa mimba aliendelea na biashara yake mjini kama kawaida.

Sasa yuko mlangoni kwa bibi na galoni la maziwa. Akanitazama, akacheka, akaniita kwa lile jina la utani la shuleni. Tukasalimiana. Akamimina maziwa, akamwamkia bibi, akaondoka. Mimi nikabaki nimeshika sufuria.

Ndipo bibi akaniambia jambo ambalo hakuna mtu katika familia aliyewahi kuniambia. Baba yake rafiki yangu alimkataa mwanawe siku ileile. Bibi ndiye aliyemchukua. Alijifungulia humo humo, kwenye chumba ninacholala nikienda likizo. Nikamuuliza, "Kwa nini wewe, bibi? Si ndugu yetu yule."

Akakaa kimya, akasogeza kuni. Kisha akasema, "Kwa sababu ya dada yangu, mama."

NG'AMBO YA MPAKA

Sikujua kama bibi aliwahi kuwa na dada. Hivi ndivyo alivyonisimulia, na hapa nachanganya maneno yake na niliyosoma kwa watafiti waliokaa kwetu, kina Robert Thornton, Katherine Snyder na Ole Bjørn Rekdal, ambao kwa kweli wameandika mengi kuhusu Wairaqw kuliko sisi wenyewe.

Nchi ya Wairaqw iligawanywa katika maeneo yanayoitwa aya. Kila aya ina mipaka yake, na wazee wa kiume waliilinda kwa tambiko liitwalo masay, ili ardhi ibaki safi, mvua inyeshe, watu na mifugo wazae. Kinyume cha usafi huo kilikuwa hali inayoitwa meeta. Mtu akifiwa na mtoto, au mwanamke akifiwa na mume, nyumba ile iliwekwa kando kwa muda. Hawakula na wenzao wala hawakushiriki pombe ya jirani, na hata kwenye maji walijitenga. Hofu ilikuwa kwamba msiba wao ungeenea kwa wengine.

Lakini kilichoogopwa sana ni msichana kupata mimba kabla ya kuolewa. Huyo hakuwekwa kando tu. Alitolewa. Hakuruhusiwa kujifungua ndani ya aya, kwa kuwa iliaminika damu yake ingeharibu nchi nzima. Alivushwa mpaka, akajifungulie porini au kwa watu wa kabila lingine. Wengi waliangukia kwa Wadatoga, ambao hawakuwa na hofu hiyo, wakaolewa huko.

Dada yake bibi aliondoka hivyo. Bibi alikuwa mtoto wa miaka kama kumi. Anasema mama yao aliamka usiku akasaga unga, akaufunga kwenye ngozi, akampa binti yake bila neno. Asubuhi hakuwepo. "Na jina lake halikutajwa tena," bibi akasema. "Mimi nililitaja siku moja nikapigwa."

Najua mnachosema sasa hivi: hizo ndizo mila potofu, afadhali maendeleo yalikuja. Hata mimi ningesema hivyo kabla ya safari hii. Subirini kwanza.

SKETI YA MAMA YAKE BIBI

Bibi alikuwa na hadithi nyingine, ya mama yake. Huyo aliwahi kupita katika marmo.

Marmo ilikuwa jando la wasichana wa Kiiraqw, ingawa neno "jando" halitoshi. Wasichana waliobalehe walitengwa pamoja kwa miezi, wakiwa chini ya wanawake wazima, na mwanaume hakuruhusiwa kukaribia. Walifundishwa ndoa, uzazi, siri za kike na namna ya kuishi na wakwe. Katika muda huo walishona sketi za ngozi na kuzipamba kwa shanga, kazi ya mkono iliyochukua miezi. Walipotoka nazo siku ya mwisho, walitoka wakiwa wanawake, na waliotengwa pamoja walijuana maisha yao yote. Leo baadhi ya sketi hizo ziko kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani. Ukimuuliza kijana wa Mbulu marmo ni nini, wengi watakuangalia tu.

Ilikwenda wapi? Ilipigwa marufuku wakati wa utawala wa Mwingereza. Mama yake bibi alikuwa katika kundi la mwisho mwisho. Sketi yake aliificha darini miaka mingi, hadi panya wakaimaliza.

Sasa tazameni kitu kilichonishtua. Marmo ilikufa, lakini ukeketaji haukufa. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2004-05 ulionyesha kwamba katika mkoa wetu wa Manyara wanawake 81 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Hiyo ni miaka sita baada ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 kuharamisha kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2010 ilikuwa asilimia 71, mwaka 2015-16 asilimia 58, na mwaka 2022 asilimia 43. Inashuka, tumshukuru Mungu na tuwashukuru wanaopambana. Hata hivyo 2022 wastani wa taifa ulikuwa asilimia 8 tu.

Kwa hiyo lile darasa, zile nyimbo, ule umoja wa wanawake na ile sketi vilifutwa, lakini wembe ulibaki. Nani alichagua hivyo? Hakuna mwanamke wa Mbulu aliyeulizwa.

MAJIRANI WA HANANG

Nilimuuliza bibi kama aliwahi kumwona tena dada yake. Mara moja, akasema, mnadani, bibi akiwa tayari ana watoto wawili. Mwanamke aliyevaa sketi ya ngozi ya Kibarabaig alimshika mkono na kumwita kwa jina la utotoni. Walikaa chini ya mti hadi jua likashuka. Katika yote aliyoambiwa siku ile, moja bibi hakulisahau. Dada yake alimwambia kuwa alipojifungua mtoto wa tatu, mumewe alimpiga kabla hata siku za uzazi hazijaisha. Wanawake wa eneo lile wakakusanyika, wakamhukumu mume, wakamtoza dume la ng'ombe, wakalichinja na kulila wenyewe.

Nilidhani bibi anatia chumvi. Niliporudi Dar nikatafuta. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani George Klima aliishi na Wabarabaig katika miaka ya 1950, na ameeleza baraza hilo la wanawake, liitwalo girgwageda gademg, katika makala ya mwaka 1964 na kitabu chake cha 1970. Mwanaume aliyevunja haki za mwanamke alishtakiwa mbele ya wanawake, akatozwa dume, na asiyetii aliogopa laana yao. Klima anaeleza pia kwamba bibi harusi wa Kibarabaig alipewa ng'ombe na baba yake na ndugu zake, na kundi hilo mara nyingi lilizidi sana mahari iliyotolewa kwa ajili yake. Mume hakuweza kuwauza au kuwagawa bila mke kukubali.

Msinielewe vibaya. Sisemi Hanang ilikuwa peponi. Mke wa Kibarabaig alikuwa chini ya mumewe katika mengi, na dada yake bibi hakuwa na ng'ombe hata mmoja wa kwake, kwa sababu ng'ombe hutoka kwa baba, na baba yake ndiye aliyemvusha mpaka. Lakini alikuwa na mahali pa kupeleka kesi yake, na mahakimu waliokuwa wanawake wenzake, mwaka ambao Tanganyika ilikuwa bado haina hakimu mwanamke.

Nayo maendeleo yakafika Hanang. Kuanzia karibu mwaka 1970 mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, yalichukua karibu ekari 100,000 za nyanda za Basotu, malisho bora ya Wabarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walifungua kesi mwaka 1981, wakashinda Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaipa NAFCO ushindi. Kesi hii husimuliwa kama habari ya wafugaji na ardhi, na ni kweli. Ila fikirini kidogo: malisho yakipungua, ng'ombe wanapungua. Ng'ombe wakipungua, baba anampa binti yake nini siku ya harusi? Na maziwa, ambayo ndiyo yaliyokuwa mikononi mwa mwanamke, yanatoka wapi? Mkate wa mjini ukapata ngano. Msichana wa Basotu akaolewa bila kundi.

GETI

Tukirudi Mbulu. Meeta imepungua sana, shukrani kwa makanisa, shule na hospitali. Msichana mjamzito havushwi tena mpaka wa aya, na wazee wenyewe wanaona haya kulizungumza.

Lakini rafiki yangu alifukuzwa mwaka 2011! Hakufukuzwa na wazee wa masay. Alifukuzwa na watu wenye shahada, kwa barua iliyopigwa muhuri. Kwa miongo mingi shule za Tanzania zilifukuza wasichana wajawazito, zikitumia kanuni za kufukuza wanafunzi, za karibuni zikiwa za mwaka 2002, zilizotaja makosa dhidi ya maadili. Juni 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba chini ya utawala wake msichana aliyezaa hatarudi shuleni. Ni Novemba 2021 ndipo Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, alipotangaza kuwa wanaruhusiwa kurudi.

Hoja iliyotolewa miaka yote hiyo ni ipi? Kwamba atawaharibu wenzake. Hebu isome tena hiyo sentensi. Ataharibu wenzake, kwa hiyo atolewe nje ya eneo. Bibi yangu hajasoma hata darasa la kwanza, lakini nilipomweleza hoja hiyo alicheka hadi akakohoa. "Kumbe na ninyi mna meeta," akasema. "Sisi mpaka wetu ulikuwa mto, wenu una geti."

Hapo ndipo kitu kilipokaa sawa kichwani mwangu. Tumezoea kuuliza: mila au maendeleo? Sisi tuliosoma tunajibu haraka, maendeleo. Lakini historia ya bibi zetu inaonyesha kuwa vitu hivyo viwili havikukutana kama adui na mkombozi. Vilikutana kama wazee wawili kwenye kikao, wakagawana. Vile ambavyo wanawake walivimiliki wenyewe, yaani darasa la marmo, baraza la kuwahukumu waume, kundi la ng'ombe, vilionekana ni ushenzi au vilikosa nafasi. Vile vilivyotumika kuwaadhibu vikapewa jina jipya na muhuri.

Na wala haikuwa lazima iwe hivyo. Zamani Wairaqw walimwona Mungu kama mama: Looa, jua, mwenye huruma, wakati roho wa kutisha, neetlaangw, walikaa mitoni. Jamii inayomwita Mungu mama ilikuwa na pa kuanzia kama kuna mtu angekaa chini na wanawake akawauliza, "Katika haya yote, kipi kibaki na kipi kiondoke?"

KIKAO

Sasa niwaambie kwa nini nilikaa wiki mbili.

Bibi ana shamba nje ya mji, kijijini, kama ekari mbili. Anataka kumpa rafiki yangu robo yake, penye nyumba ndogo na zizi la ng'ombe wake wawili wa maziwa. Kwa miaka yote hii ndiye anayemtunza bibi: anamletea kuni, anampeleka hospitali, anampikia akiumwa. Mimi mjukuu natuma pesa kwa simu.

Baba zangu wadogo wamekataa. Wanasema ardhi ni ya ukoo, na huyu si wa ukoo. Mmoja akaongeza kuwa kumpa ardhi mwanamke "wa aina ile" ni kufundisha watoto vibaya. Bibi akawaitisha kikao, akaniambia nikae. Nilijua ameniita nimwandikie karatasi. Kumbe aliniita niseme.

Nilijiandaa na sheria. Niliwaambia Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki na kutumia ardhi. Niliwaambia baraza la kijiji linaweza kumpa hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake. Wakanisikiliza kwa heshima, kama watu wanavyosikiliza taarifa ya habari.

Basi nikaacha sheria. Nikawaambia habari ya mwaka 2011, ya foleni, ya tranka, na kwamba nilikuwa dirishani na sikusema kitu. Nikawaambia nilimkwepa miaka yote hiyo. Sijawahi kusema maneno hayo mbele ya mtu. Rafiki yangu alikuwa jikoni na ukuta wa kwetu ni mwembamba.

Halafu bibi akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alilitaja jina la dada yake. Akalitaja mara mbili, mbele ya wanawe, ambao walikuwa hawajawahi kulisikia. Akasema, "Huyo ni mama yenu mkubwa. Ana watoto Hanang, ni ndugu zenu. Mimi nilikuwa mdogo, sikuweza kitu. Sasa si mdogo."

Kikao hakikuisha vizuri, sitawadanganya. Baba mdogo mmoja alitoka nje. Mwingine akauliza taratibu hao ndugu wa Hanang wako kijiji gani. Wakakubaliana tu kwamba tukutane tena Pasaka.

Jioni nilimkuta rafiki yangu akikamua. Nikamwomba msamaha, kwa maneno machache yaliyokosa mpangilio. Hakujibu moja kwa moja. Aliniambia tangazo la Novemba 2021 alilisikia redioni, hapo hapo zizini, akiwa mama wa mtoto wa karibu miaka kumi. Nikamuuliza alijisikiaje. "Nilimaliza kukamua," akasema. Kisha akaniambia binti yake yuko kidato cha kwanza, anapenda historia, na akitaka vitabu nimtumie. Nimeanza na daftari moja ambalo nimeandika mwenyewe, yote bibi aliyonisimulia, pamoja na jina la dada yake.

Pasaka nitakwenda. Nitawaeleza kilichotokea, kiwe kizuri au kibaya. Na wewe msomaji ukienda kwenu likizo, muulize bibi yako kama ana dada ambaye hatajwi.

Tuko pamoja.